Kumlaza Mgeni Mwingi, Kuamkia Kortini

Leo naandika kuhusu mama mmoja wa hii barabara yetu ya Garissa. Jina lake sitalitaja, wala sitataja korti iliyomhukumu, kwa sababu yeye mwenyewe ameniomba nisimtaje na bado ana aibu. Aibu ya nini, sijui. Nitamwita tu mama wa hoteli.

Ana hoteli ndogo ya chai na githeri kando ya lami, upande wa kutoka Mwingi kwenda Nguni. Nyuma kuna vyumba viwili vya mabati ambavyo hulaza madereva waliochoka. Usiku mmoja wa mvua za Novemba, gari la abiria liliharibika karibu na hapo. Wengine walipata lifti, wengine wakalala ndani ya gari. Mwanamke mmoja Msomali mwenye watoto wawili alibisha mlango kuomba pa kujikinga. Mama akawapa chumba na chai. Pesa hakuchukua. Nilipomuuliza kwa nini, aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Niliona watoto wamelowa," akasema.

Alfajiri askari walikuja. Ilikuwa Ijumaa, na nyinyi mnajua maana ya kushikwa Ijumaa nchi hii. Alikaa seli hadi Jumatatu. Kwa kosa gani? Kumhifadhi mtu aliye nchini kinyume cha sheria. Asubuhi ya Jumatatu mtu mmoja hapo nje ya korti akamwambia kwa sauti ya huruma: mama, kubali tu makosa, utapigwa faini ndogo uende nyumbani, ukikataa hii kesi itakusumbua miaka miwili. Akakubali. Faini ikawa ya kuuzia mbuzi. Waliuzwa mbuzi wote, sisi tukachanga iliyobaki kwa M-Pesa, na sasa mama ana rekodi ya jinai akiwa na miaka hamsini na kitu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo tulilolijua baadaye. Yule mwanamke alikuwa mkimbizi aliyesajiliwa. Alikuwa na karatasi za Dadaab na kibali cha kusafiri alichopewa ampeleke mtoto hospitali Nairobi. Kibali kilikuwa kimeisha siku chache nyuma, basi. Hakuna aliyemuuliza mama wa hoteli kuhusu hilo, na hakuna aliyemweleza kwamba kosa la kumhifadhi mtu linasimama juu ya kosa la yule aliyehifadhiwa. Ukiondoa la kwanza, la pili linaning'inia hewani.

Wacha tuifungue hii sheria, maana wengi wetu tunaiogopa bila kuijua.

Sheria inayotumika sana ni ile ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011, kifungu cha 53. Hapo ndipo makosa mengi yamerundikwa pamoja: kuwa nchini bila ruhusa, kudanganya kwenye fomu, na pia kumhifadhi mtu ambaye unajua, au una sababu ya kutosha kuamini, kwamba ametenda makosa ya uhamiaji. Adhabu inafika faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Someni tena hayo maneno: unajua, au una sababu ya kutosha kuamini. Upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuthibitisha. Mtu kuwa na ngozi fulani, kuvaa buibui na kuongea Kisomali si sababu ya kutosha ya kuamini chochote. Kama ingekuwa hivyo, nusu ya Garissa ingekuwa kortini kila asubuhi, na mimi mwenyewe nina mashemeji ambao ningepaswa kuwaripoti siku ya Idi.

Pia kuna sheria kubwa zaidi, ile ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010. Hiyo si ya mchezo. Kifungo chake ni kuanzia miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, na ukirudia ni maisha. Hii inapaswa kuwa kali, na mimi sina tatizo nayo hata kidogo. Wale wanaowachukua mabinti wetu na kuwauza, wale wanaowafungia vijana kwenye nyumba Nairobi hadi jamaa zao watume pesa, wafungwe. Lakini sheria hiyo inataka kuwe na unyonyaji: mtu anachukuliwa ili atumiwe. Dereva wa Probox aliyembeba mtu kutoka Nguni hadi Mwingi kwa nauli ya kawaida hajamnyonya mtu. Hata hivyo, hapa barabarani, hiyo milioni 30 inatajwa kama fimbo. Unaambiwa: kijana, hii ni trafiking, unajua ni miaka mingapi? Kijana anatetemeka, anatoa kila kitu alicho nacho mfukoni, na hiyo trafiking inayeyuka papo hapo. Sijawahi kuona jinai nzito inayotibika kwa elfu tatu kama hii.

Barabara yenyewe mnaijua. Kutoka daraja la Tana pale Garissa mnapita Madogo, Bangale, Ukasi, Nguni, Mwingi, Kanyonyoo, hadi Thika. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991 baada ya serikali ya Somalia kuanguka, na tangu wakati huo barabara hii imekuwa na macho. Basi linasimamishwa. Makanga anasema wenye sura fulani washuke na vipande. Mkamba anabaki kitini akila ndizi. Msomali, awe amezaliwa Wajir, awe baba yake alikuwa mwalimu Mwingi, anashuka. Akitoa kitambulisho anaulizwa chifu wake ni nani, shule ya msingi alisoma wapi, mbona Kiswahili chake kinapindapinda. Mimi Kiswahili changu kimepinda tangu nizaliwe na hakuna askari aliyewahi kunishusha.

Si jambo la jana. Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya wote wa asili ya Kisomali wakaguliwe na wapewe kadi ya pili ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Jamii moja tu katika nchi nzima. Ukaguzi wa kupata vitambulisho ukaendelea kwa mitindo mingine kwa zaidi ya miaka 30, hadi Rais Ruto alipotangaza mwezi Februari 2025, akiwa Wajir, kwamba umeondolewa. Tumeshukuru. Ila tangazo la Wajir halijafika kwenye kila kizuizi, na askari wa usiku hasomi magazeti.

Sasa turudi kwa mkimbizi. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1966. Kipengele cha 31 cha mkataba huo kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa sababu tu ya jinsi alivyoingia, mradi amejitokeza kwa wenye mamlaka bila kuchelewa na ana sababu ya maana. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, inafuata njia hiyo hiyo. Shida ni kambi. Mkimbizi anatakiwa akae eneo aliloamriwa, na akitaka kutoka anahitaji kibali cha kusafiri. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa nchini kihalali kabisa na bado akashikwa Ukasi kwa kuwa kibali kimeisha au hakikutolewa. Hilo ni kosa dogo la kuwa nje ya eneo. Halilingani na kuvamia mpaka. Barabarani vitu hivi viwili vinachanganywa, wakati mwingine kwa kutojua, wakati mwingine kwa makusudi kwa sababu kosa kubwa lina bei kubwa.

Korti zetu zimewahi kusimama imara, tusiwasahau. Desemba 2012 serikali ilitoa amri kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini. Kituo cha Sheria na wakimbizi kadhaa wakaenda Mahakama Kuu, na Julai 2013 Jaji Majanja akaifuta ile amri. Mwaka uliofuata ilikuja Operesheni Usalama Watch, watu wakarundikwa Kasarani, na safari hiyo jaji huyo huyo hakuizuia amri mpya ya kambi. Desemba 2014 Bunge likapitisha kwamba wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Februari 2015 Mahakama Kuu ikasema hapana. Februari 2017 Jaji Mativo akasema kuifunga Dadaab ni kinyume cha Katiba. Nawataja kwa sababu kuna ndugu zetu wanaosema korti ni kupoteza wakati. Si kweli. Ila korti inamsaidia aliyefika mbele yake na mdomo wazi, na mama wa hoteli alifika mdomo umefungwa na mtu wa huruma pale nje.

Najua mtaniuliza kuhusu usalama. Niulizeni. Mimi nilikuwa Mwingi asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2015. Tuliona ambulensi na magari ya jeshi yakipita kwa kasi kuelekea Garissa, na jioni tukajua ni watoto wa chuo kikuu. Walikufa watu 148. Wengine walitoka nyumba za Ukambani hapa hapa. Kwa hiyo jirani yangu Mkristo anaponiambia afadhali wakague kila mtu, sitamwita mbaguzi. Ana maiti ya kijana kichwani mwake. Lakini namuuliza: wale waliofanya yale walizuiwa na vizuizi? Kizuizi kinachouza njia ni tundu kwa mwenye pesa na ukuta kwa mwenye mtoto mgonjwa. Gaidi ana pesa ya kupita. Anayesafirisha watu kwa biashara ana pesa ya kupita, na ameshaiweka kwenye hesabu ya safari kabla hajaondoka. Asiye nayo ndiye anayejaza jedwali la washtakiwa la Jumatatu, halafu tunaambiwa mtandao umevunjwa.

Shirika la Human Rights Watch liliandika juu ya ulaji huu mwaka 2010, likaandika tena 2013. Walichoandika ni kile ambacho makanga yeyote wa Garissa angekuambia bure.

Na kuhusu kuficha watu, nina kisa kimoja ambacho napenda kuwakumbusha wanaosema kuhifadhi ni uhaini. Tarehe 21 Desemba 2015 basi la kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Mabasi ya Mandera yanapita hapa Mwingi, tunayajua hadi honi zake. Wavamizi walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Akina mama waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafa hospitalini Januari 2016, na Rais akampa nishani baada ya kufa. Nchi nzima ililia na kusifu. Siku ile kumfunika mtu wa watu ili asiuawe kulikuwa ushujaa, na kulikuwa ushujaa kweli. Mama wa hoteli ni Mkristo wa AIC, anaimba kwaya. Alimfunika mwanamke wa Kiislamu na wanawe kutokana na mvua, akapewa faini.

Kwetu Waislamu jambo hili lina mizizi. Masahaba wa kwanza walikimbilia Habasha, na Makuraishi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Najashi alikuwa mfalme Mkristo. Aliwasikiliza kwanza wale wakimbizi, akarudisha zawadi, akawaacha wakae. Kikamba nacho mgeni ni mueni, na hakuna nyumba ya mzee wa Kikamba ambayo mueni alifukuzwa usiku. Waswahili nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi ya pili unapewa pingu, jembe hulifikii.

Msidhani ni sisi peke yetu. Wengi wenu mna ndugu Minneapolis na Columbus, na mnasikia wanavyoishi. Marekani sheria yao ya kuingiza na kuhifadhi wahamiaji inaweza kumfunga mtu miaka 5 kwa kila mmoja aliyemhifadhi hata bila faida, na 10 kama alifanya kwa pesa. Ilipopitishwa mwaka 1952 wenye mashamba makubwa wa Texas walihakikisha kipengele kimewekwa kwamba kumwajiri mtu hakuhesabiwi kumhifadhi. Yaani ukimpa kazi ya kukuvunia uko salama, ukimpa kitanda unaanza kuwa mhalifu. Kipengele hicho kilidumu hadi 1986. Mwaka 2018 kijana mmoja mwalimu, Scott Warren, alikamatwa katika mji wa Ajo, Arizona, kwa kuwapa wanaume wawili waliotoka jangwani chakula, maji na pa kulala. Baraza la kwanza la wazee wa korti lilishindwa kukubaliana, na Novemba 2019 la pili likamwachilia. Ufaransa, mkulima wa mizeituni Cédric Herrou alishtakiwa kwa kuwasaidia wahamiaji kule mpakani na Italia, na Julai 2018 Baraza la Katiba la nchi hiyo likasema kwamba undugu ni kanuni ya katiba, na kumsaidia mtu kwa utu bila kutaka malipo kunalindwa.

Hilo la malipo ndilo ninalotaka tulidai hapa. Umoja wa Mataifa una itifaki ya mwaka 2000 dhidi ya kuvusha wahamiaji kimagendo, na Kenya imejiunga nayo. Itifaki hiyo inasema kosa ni kuvusha au kuhifadhi ili kupata faida ya pesa au ya kitu kingine. Inasema pia mhamiaji mwenyewe asishtakiwe kwa sababu tu amevushwa. Kifungu chetu cha 53 hakina neno faida kwenye kuhifadhi. Mwenye jumba la Nairobi anayefungia watu ishirini na kudai dola, na mama aliyetoa chai, wamo kwenye sentensi moja. Wabunge wetu wa Mwingi wapo watatu, Kaskazini, Kati na Magharibi. Mmoja wao akipeleka mswada wa kuongeza maneno machache, kwamba kosa la kuhifadhi liwe ni kwa faida au kwa nia ya kuficha jinai, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko kuzindua kisima kilekile mara tatu. Seneta wa Kitui naye anaweza kuuliza swali moja: katika kesi za kuhifadhi watu kwenye barabara hii, ni ngapi zilimfikia mwenye mtandao, na ngapi ziliishia kwa dereva na mwenye loji?

Kabla ya mswada huo kuja, na unaweza kukawia, haya mwambieni kila mwenye hoteli, bodaboda na dereva. Ukishikwa, Katiba kipengele cha 49 kinakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zimeangukia wikendi. Usikubali makosa kwa ushauri wa mtu asiye wakili wako. Ukisomewa shtaka, uliza: huyo niliyemhifadhi ameshtakiwa kwa kosa gani, na limethibitishwa? Mwenye loji, andika jina la kila mgeni kwenye kitabu bila kuchagua sura. Kitabu hicho kinaonyesha hukuficha mtu. Na kama mgeni wako anasema ni mkimbizi, mwache aseme hivyo kwa sauti mbele ya askari, aonyeshe karatasi zake, na umpigie simu yeyote wa msaada wa kisheria unayemjua kabla hajapandishwa gari. Anayeogopa kurudishwa kwenye vita hatakiwi kurudishwa.

Na nyinyi madereva, niseme ukweli mkinikasirikia mkinikasirikia. Kuna wenzenu wanaojua kabisa wanachobeba. Wanapita njia za vumbi usiku taa zimezimwa, watu kumi na wanne kwenye gari la saba, wanaume waliolipishwa kila kitu na ambao wataachwa porini wakisikia king'ora. Hao msiwatetee kwa jina la udugu. Mtu akifa amebanwa kwenye buti, hiyo si hijra.

Serikali yenyewe, Machi 2025, ilizindua Mpango wa Shirika, kwamba Dadaab na Kakuma zigeuke kuwa miji na wakimbizi waishi na wenyeji. Vizuri sana. Miji ina barabara za kuingia na kutoka. Sasa watuambie huyo mkazi wa mji wa Dadaab akitaka kumpeleka mtoto hospitali Nairobi, atapita Ukasi kama nani?

Juzi nilisimama kwa mama wa hoteli nikanywa chai. Yule mwanamke alirudishwa kambini. Mtoto kama alifika kwa daktari au hakufika, mama hajui, na hana nambari ya kupiga. Vile vyumba viwili vya nyuma hauzilazi tena gari wala mtu, amejaza magunia ya ndengu na kuweka kufuli. Nikamuuliza, na mvua zikirudi Novemba, gari likikwama tena? Akapangusa meza pale ambapo palikuwa pameshapanguswa, akaniambia chai imepanda, sasa ni ishirini na tano.